Hiyo 16% inalipwa na nani?

Mweka hazina wa chama kimoja cha wauza viazi katika Soko la Wakulima, Nakuru, alinijia na karatasi iliyokunjwa mara nne. Lilikuwa tangazo la mfuko wa uwekezaji unaonunua hatifungani za makampuni, na tarakimu moja ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu: 16%. "Mwalimu, hii inashinda sako mbali sana. Tuhamishe?"

Nikamuuliza: hiyo 16 inalipwa na nani?

Hatifungani, au bondi, ni mkopo. Ukitia pesa katika mfuko wa riba kubwa kama hii, wewe na wenzako mnazikopesha kampuni ambazo mkopeshaji mwangalifu angezitilia shaka. Katika masoko ya dunia, kampuni yenye daraja (alama ya uwezo wa kulipa madeni) la chini ya BBB- huhesabiwa mkopaji wa hatari, ndiyo maana hulipa riba kubwa.

Sisi wa Nakuru tunao mfano wa nyumbani. Nakumatt, ile kampuni ya maduka makubwa, ilianzia hapa hapa, duka la magodoro, na magodoro hayo yamo ndani ya jina lake. Ikapanuka, ikakopa kwa benki, kwa wanaoiletea bidhaa, na kwa wawekezaji walionunua hati zake za mkopo wa muda mfupi. Madeni yakapita shilingi bilioni 30. Kufikia Januari 2020, wadai walipoamua ivunjwe, matawi 6 ya mwisho yalikuwa yameuzwa kwa milioni 422 tu. Wadai wenye dhamana hulipwa kwanza. Aliyekopesha bila dhamana hukaa nyuma kwenye foleni. Imperial Bank nayo iliwekwa chini ya mrasimu (msimamizi wa kampuni iliyokwama) Oktoba 13, 2015, siku ambayo hatifungani zake za bilioni 2 zilipangiwa kuanza kuuzwa sokoni.

Tukachukua kalamu, tukapiga hesabu ya kukadiria. Tuseme serikali inalipa 11% na mfuko unapata 16% kwa bondi zake. Ziada ni shilingi 5 kwa kila 100. Kama kampuni 5 kati ya 100 zitashindwa kulipa kwa mwaka, na kila moja ikarudisha shilingi 40 tu kwa kila 100 ilizokopa, mmepoteza 3. Meneja wa mfuko akichukua 2, ile ziada yote imekwisha. Mweka hazina alikaa kimya, akaipiga hesabu upya mwenyewe.

Mbele kukoje? Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi 13% Februari 2024, kisha ikaishusha hatua kwa hatua. Riba zikishuka, bondi za zamani hupanda bei na kampuni hupumua kidogo. Lakini bondi mpya hutoka na riba ndogo, kwa hiyo 16% ya tangazo inaweza kuwa ya mwaka uliopita. Meneja anayeshikilia tarakimu hiyo leo huenda anawafuata wakopaji dhaifu zaidi. Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote.

Tena, ile bima ya amana ya shilingi 500,000 hulinda akiba iliyo benki. Mfuko huu haumo.

Mwishowe nikamwomba anisomee maandishi madogo ya chini. Kutoa pesa: notisi ya siku 90, na meneja anaweza kusimamisha malipo soko likiharibika. Pesa za chama chake hugawanywa kila Januari, kwa karo. Akaikunja karatasi, akasema atauliza kwanza majina ya kampuni 10 zilizokopeshwa zaidi, na kama mfuko umeidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.