Nguzo Nne Mlangoni Haziifanyi Nyumba Kuwa ya Kigiriki

Wiki iliyopita mteja mwingine aliniwekea simu mezani, akanionyesha jumba lenye nguzo nne nene mbele ya mlango, akasema anataka nyumba ya Kigiriki kama ile. Imani kwamba nguzo ndizo zinazolifanya jengo kuwa la kiklasiki, yaani la mtindo wa Wagiriki na Warumi wa kale, nimeisikia mara nyingi mno, hata sasa, kabla ya kuchora mstari wowote, humwomba mteja azisahau kwanza nguzo zote, aniambie dari ya sebule yake itakuwa na kimo gani.

Usanifu wa kiklasiki ni hesabu ya uwiano, na kipimo chake cha msingi ni kipenyo cha nguzo pale chini. Vitruvius, msanifu wa Kirumi wa karne ya 1 KK, anaipa nguzo ya Doriki, mtindo sahili wa Kigiriki, kimo cha vipenyo 7, na baina ya nguzo na nguzo anapendekeza nafasi ya vipenyo viwili na robo, akionya kwamba nafasi ikifika vipenyo 3 boriti za mawe huweza kukatika. Hiyo haikuwa amri, kwa maana nguzo za Parthenon, hekalu la kale la Athens lililoanza kujengwa mwaka 447 KK, zina kimo cha mita 10.4 na kipenyo cha mita 1.9, yaani kama vipenyo vitano na nusu tu. Hata hivyo zinapungua unene kadiri zinavyopanda, zinatuna kidogo sana katikati, na zile za kwenye pembe za jengo ni nene kuliko nyingine na zimeinamia ndani. Linganisha na za kwetu: zege lililomiminwa ndani ya bomba, limenyooka kama bomba lenyewe, limebandikwa kichwa cha Korintho, chenye mapambo ya majani, kilichonunuliwa kando ya barabara, na juu yake paa la bati linapita kana kwamba nguzo haipo. Palladio, msanifu wa Italia wa karne ya 16 aliyefuata usanifu huo wa kale, alipojenga nyumba ya Villa Godi, iliyokamilika mwaka 1542, usoni aliweka matao matatu na ukuta mtupu, bila nguzo. Fedha ya nguzo nne, nakusihi, inyanyulie dari na ipangie madirisha.

Wengine huniambia kwamba vifaa vya kisasa ni imara kuliko vya kale. Mafundi wa Parthenon waliunganisha mawe kwa vibanio vya chuma vilivyozungushiwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, hivyo kutu haikuvifikia kwa urahisi. Nikolaos Balanos, aliyelikarabati hekalu hilo mwanzoni mwa karne ya 20, alitumia chuma bila kinga hiyo. Kikashika kutu, kikavimba na kuipasua marumaru, na warekebishaji waliofuata wamelazimika kukiondoa na kuweka titani, metali isiyoshika kutu.

Kuhusu imani kwamba majengo ya Kigiriki yalikuwa meupe: mahekalu yao yalipakwa rangi, ikiwamo buluu na nyekundu, na mabaki yake yamepatikana.

Wapo pia wanaodai kwamba kila jengo la kale lililojengwa upya ni bandia. Stoa ya Attalos, ukumbi wa kale wenye safu za nguzo mjini Athens, ilijengwa upya kati ya mwaka 1953 na 1956 juu ya msingi wake wa awali, ikajumuisha vipande vya kale vilivyosalia, na leo ni makumbusho. Parthenon ya Nashville, Marekani, ni nakala ya zege iliyokamilika mwaka 1931, maelfu ya kilomita kutoka Athens. Kuziita zote mbili kwa neno moja ni uvivu.