Zilipendwa za bembea: kwa nini watu huumia kitu cha zamani kikifanywa kipya

Kama umekulia Mombasa basi unazijua bembea za Idd, zile za mbao, visanduku vinne vimening'inia kwenye gurudumu, hakuna mota hakuna stima, ni kijana tu amepanda juu ya mbao anavuta kwa uzito wa mwili wake alafu anaruka chini, na chuma kinalia kwii kwii manake hakijaona grisi tangu Idd iliyopita. Ukifika juu unaona mabati ya nyumba za watu na unashika nguo yako mpya isipeperuke. Sikuhizi ukipeleka watoto uwanjani unakuta yale majumba ya mpira yaliyojazwa hewa, jenereta inanguruma, mtoto anaruka kwa furaha, na wewe umesimama pembeni kuna kitu kinakubana kifuani.

Hicho kitu wenzetu wanakiita nostalgia. Neno lilitungwa 1688 na mwanafunzi wa udaktari kule Uswisi, Johannes Hofer, akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurudi kwenu na jengine la maumivu, kuelezea watu waliokua mbali na kwao mpaka wakaugua kabisa kwa kutamani nyumbani. Yaani mwanzo ulikua ni ugonjwa wa mahali. Baadae maana ikahama ikaenda kwenye wakati, na hapo ndipo pagumu, manake aliye mbali na kwao anaweza kupanda basi akarudi, lakini Idd ya ulipokua na miaka minane haina basi.

Mimi naona sisi tuna neno bora zaidi, zilipendwa. Tumezoea kulitumia kwa nyimbo lakini hebu lisikilize lenyewe, halisemi zilikua nzuri, linasema zilipendwa, habari yote ni ya wale waliopenda. Ukishalielewa hivyo mjadala mzima wa bembea za zamani unafunguka.

Na mjadala upo, mkubwa, hasa Marekani kwenye vile viwanja vya burudani vya mabilioni. Disneyland ya California ilifunguliwa Julai 1955. Mwaka wa 1967 wakafungua safari ya mashua ya maharamia, Pirates of the Caribbean, unapita gizani kati ya sanamu zinazojisogeza na kuimba, na Walt Disney mwenyewe alikua ameshafariki miezi michache kabla. Watu wakaipenda hivyo hivyo miaka na miaka, mpaka filamu ikatoka 2003 na kufikia 2006 wakamuingiza Jack Sparrow, yule haramia mkuu wa filamu, ndani ya safari. Wakongwe walilalamika. Lakini piga hesabu, mtoto aliyepanda mara ya kwanza 2006 saa hii ni mtu mzima, na kwake yeye Jack Sparrow ndio zilipendwa yenyewe, leo ukimtoa yeye ndiye atakayeumia. Kila kizazi kinalinda ile sura iliyomkuta akiwa mdogo, na kila mmoja anaapa kua yake ndiyo ya asili.

Mwaka wa 2018 walibadilisha humo humo kile kipande cha mnada ambapo wanawake walikua wakiuzwa kua wake. Mwanamke mwenye nywele nyekundu aliyekua anauzwa sasa ni haramia mwenyewe. Hapo mimi sina machozi kabisa.

Splash Mountain, hapo hapo Disneyland, ndio ilichemsha watu kweli. Ilifunguliwa 1989, unapanda gogo linaelea kwenye mfereji wa maji, unazungushwa taratibu alafu unadondoshwa kwa kishindo mpaka unalowa. Hadithi yake ilitoka kwenye filamu ya 1946 iliyolaumiwa kwa kupaka sukari maisha ya watu weusi kwenye mashamba ya mabwana wa kizungu. Ikafungwa 2023, na 2024 ikarudi kwa jina la Tiana, yule binti mweusi wa New Orleans kwenye filamu ya Disney. Sanamu mpya, nyimbo mpya, hadithi mpya, lakini mfereji ni ule ule na ule mdondoko ni ule ule. Kwa maoni yangu walikata penye haki. Tumbo linalopanda mpaka shingoni ukidondoka, hilo ndilo mwili unalikumbuka, na halijaguswa, na lile lililokua linadharau watu limeondoka.

Sasa geuza upande wa pili. Tivoli, uwanja wa burudani kule Copenhagen, wana treni ya burudani ya njia ya mbao, ile inayopanda na kuteremka kwa kasi, ya tangu 1914, na mpaka leo kuna mtu anapanda ndani ya hiyo treni, kazi yake ni kushika breki kwa mkono. Wangeweza kuweka mashine kitambo sana. Lakini mwondoe yule mtu na ile safari imekua nyengine, hata kama njia ni ile ile, manake abiria anajua kuna binadamu amemshikia roho yake. Ni kama kijana wetu wa bembea, ukimpigia kelele "zidisha!" anakusikia na anazidisha. Mota haisikii.

Kwa hiyo watu wakibishana kua kitu kibaki ama kifanywe kisasa mimi huuliza kwanza, waliokipenda walipenda nini hasa ndani yake? Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari hapa kwetu Mombasa, ilikarabatiwa 2019, njia zikatengenezwa na vibanda vikajengwa, na mpaka leo kuna wanaosema ladha imetoka. Nawaelewa. Lakini mimi nikishuka pale jioni nikipata muhogo wa kuchoma umepasuliwa ukatiwa pilipili na ndimu, na meli kubwa inapita karibu mpaka unaona watu juu yake, nilichokipenda bado nakiona. Siku muhogo utakapoondoka ndio nitapiga kelele.

Idd iliyopita mpwa wangu wa miaka saba aliteremka kwenye jumba la hewa jasho linamtiririka. Nikamsimulia bembea za mbao, akanisikiliza kwa adabu, alafu akaniuliza, "Mjomba, mwakani watalileta hili hili la samawati? Mimi sitaki jengine."