Kwa nini kupoza moshi hakutoshi kunasa zebaki

Watu waliozoea retoti, chombo kilichofungwa cha kuchomea mchanganyiko wa dhahabu na zebaki na kuupoza mvuke wake, kwenye machimbo ya dhahabu huniuliza swali zuri sana: ikiwa mvuke wa zebaki ukipozwa hugeuka matone, kwa nini vituo vya umeme wa makaa ya mawe visipoze moshi wao vivyo hivyo?

Jibu limo kwenye kiasi. Ndani ya retoti mvuke umejaa tele. Hewa ya nyuzijoto 20 inaweza kubeba takriban miligramu 14 za zebaki kwa kila mita ya ujazo bila tone hata moja kutokea. Moshi wa makaa ya mawe kwa kawaida huwa na mikrogramu chache tu, mara nyingi chini ya 20, katika mita hiyo hiyo. Uupoze upendavyo, hautafika kiwango cha kudondosha. Hapo inabidi uibadilishe zebaki yenyewe.

Tanurini, joto huitoa kwenye makaa karibu yote ikiwa atomu moja moja. Katika hali hiyo haiyeyuki majini, na ikishatoka bombani hukaa angani kwa miezi, ikivuka bahari na mipaka. Moshi unapopoa njiani, klorini iliyokuwemo kwenye makaa huoksidisha sehemu yake, yaani huungana nayo kikemia. Zebaki iliyooksidishwa ni kitu kingine kabisa: huyeyuka majini, kwa hiyo mnara wa kuosha moshi, uliojengwa kwa ajili ya dioksidi ya salfa, huichukua pia. Lignaiti, yale makaa machanga ya kahawia, mara nyingi yana klorini kidogo, ndiyo maana yanatusumbua. Dawa yake ni bromini: makaa hutiwa kalsiamu bromidi kabla ya kuchomwa.

Njia ninayoipenda zaidi ni kupuliza unga wa kaboni amilifu, mkaa wenye vitundu vidogo vingi vya kunasia, kwenye moshi kabla ya vichujio vya mifuko ya kitambaa. Wanaochenjua dhahabu kwa sianidi wanamjua ndugu yake, kaboni ya vifuu vya nazi. Unga hunasa zebaki ukiwa bado unapeperuka, kisha huendelea kunasa ukiwa umetanda juu ya kitambaa, maana moshi wote lazima upenye hapo. Moshi ukiwa wa moto mno kaboni hulegeza mshiko, na trioksidi ya salfa ikizidi huikalia nafasi.

Ila zebaki iliyonaswa haijatoweka. Mnarani, salfiti inayotokana na dioksidi ya salfa iliyooshwa inaweza kuirudisha kwenye hali ya atomu ikaponyoka tena, kwa hiyo kemia ya maji yale ichungwe kila siku. Kaboni nayo huchanganyika na majivu, na watengenezaji wa zege huyakataa majivu hayo kwa sababu hufyonza dawa inayotiwa ili zege liwe na viputo vidogo vya hewa. Kichujio cha pili, cha kaboni peke yake baada ya majivu kuondolewa, ni ghali, lakini mimi ningekijenga.

Kwetu Afrika Mashariki jicho langu liko kwenye saruji, moja ya aina 5 za vyanzo vya zebaki ya hewani zinazoorodheshwa na Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika Agosti 2017. Vumbi la kichujio hurudishwa kwenye malighafi, hivyo zebaki iliyomo kwenye mawe ya chokaa huzunguka na kulimbikizana. Kinu cha kusaga malighafi kikifanya kazi, unga wake mbichi huifyonza. Kikizimwa huku tanuri likiendelea kuwaka, zebaki hutoka kwa wingi bombani. Kwa hiyo ripoti yenye kipimo cha wakati kinu kinazunguka tu siikubali. Nataka na kile cha wakati kimezimwa, na nataka kujua lile vumbi linapelekwa wapi.