Mzee mwenye demensia hazungushwi kwa zamu

Ratiba ninayoletewa na familia ni ileile: mama akae miezi mitatu kwa kaka mkubwa Mbagala, kisha kwa dada Arusha, kisha Tanga kwa kitindamimba. Wanasema ndiyo haki. Kwa watoto ni haki kweli, mzigo umegawanyika. Mama hajaulizwa.

Demensia, ugonjwa wa ubongo unaomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, aghalabu huanza kufuta mambo mapya. Nyumba aliyokaa miaka 30 mama anaijua kwa miguu, hata gizani. Choo cha Mbagala atakitafuta wiki nzima huku akijikojolea na kuona aibu. Akishakizoea, basi la Arusha linamngoja. Ndipo napigiwa simu: "Daktari, ugonjwa umepanda." Mara nyingi ni kuhamishwa tu. Anaamka usiku, hajui alipo, anafungua geti arudi kwao, na huko kwao ni kwa wazazi wake waliokwisha kufa. (Akibadilika ndani ya siku moja au mbili, msibishane na mtu, mpelekeni hospitali: huenda ni maambukizi ya mkojo, malaria, upungufu wa maji au dawa mpya.)

Chagueni nyumba moja. Wazunguke watoto: mmoja alete hela, mwingine aje wikiendi ili mlezi alale. Chumba kiwe karibu na choo, taa ya usiku iwake, na chai iwe saa ileile. Kanga zake na redio yake msizibadilishe, hata kama zimechakaa.

"Dada wa kazi atamwangalia." Dada huyo anapika, anafua na analea mtoto wenu. Anayemtunza mgonjwa awe na kazi hiyo peke yake, na usiku apokewe na mtu mwingine.

"Kumpeleka kituo cha wazee ni kumtupa." Aliyetupwa ni yule anayefungiwa chumbani mchana kutwa kwa sababu wote wako kazini. Ila msidhani serikali itawapokelea: makazi kama Nunge, Kigamboni, au Welezo, Unguja, ni ya wazee wasio na wa kuwatunza. Mtabaki na vituo binafsi, navyo vikagueni. Vigae na bustani havinishtui. Nendeni jioni bila taarifa, saa ambazo wengi wenye demensia huanza kuhangaika. Ulizeni usiku wanabaki wahudumu wangapi. Ulizeni anayekataa kuoga anafanywaje. Mkijibiwa "tunamshika", ondokeni. Mkikuta wazee wote wamesinzia vitini, ulizeni wanapewa nini. Dawa za saikosisi (ugonjwa wa akili wa kuona au kusikia yasiyokuwepo) huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demensia, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo tangu 2005. Zina mahali pake, lakini si za kumrahisishia mhudumu zamu.

"Amerogwa", au kibaya zaidi, "ni mchawi, anatembea usiku." Shinyanga na Kilifi vikongwe wameuawa kwa maneno ya namna hiyo. Kutangatanga usiku ni dalili ya ugonjwa.

"Ni uzee tu." Si uzee. Na si kila anayesahau ana demensia: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi kidogo, sonona, hata dawa za mzio na za usingizi humchanganya mzee, na hayo yanatibika. Kwa hiyo kabla ya kubishana mama akae wapi, apimwe. Mkija, dawa zake zote ziwe kwenye mfuko mmoja, na za mitishamba msizifiche.