Mzazi ana wasiwasi na chanjo: mhudumu aanzie wapi?

Nimekusanya maswali ninayoulizwa mara nyingi na wauguzi wapya wa kliniki za watoto, Mwanza mjini na kwenye mialo ya ziwa.

Mama amekaa mbele yangu, mtoto ana wiki 14. Nianzeje?

Msalimie, mwite kwa jina la mtoto, kisha sema wazi: "Mama Masanja, leo Masanja anapata chanjo zake za wiki ya 14, sindano tatu na matone ya polio. Una swali kabla hatujaanza?" Wengi watakuambia endelea. Ukiuliza "Tumchanje au hutaki?" unamtia shaka ambayo hakuja nayo. Mtajie kila sindano inakinga nini, maana mama anayeona mwanawe akichomwa mara tatu bila maelezo ana haki ya kushtuka. Mwache anyonyeshe wakati unachoma. Maumivu ya mtoto hupungua.

Akisema amesikia chanjo zinaharibu kizazi?

Usifoke, na tafadhali usicheke. Ukimcheka leo, mwezi ujao humwoni. Muulize: "Umesikia nini hasa?" Msikilize mpaka amalize, kisha omba ruhusa: "Naweza kukueleza ninachokijua?" Hakuna kitu ndani ya chanjo hizi kinachogusa kizazi. Mkumbushe jambo analolijua mwenyewe: wanawake wengi wa mtaani kwake wamechomwa sindano ya pepopunda wakiwa wajawazito, na baadaye wakabeba mimba nyingine. Mfano huo ataupima kwa macho yake.

Wenye simu watauliza kama chanjo ya surua huleta usonji (autism). Habari hiyo ilianzia kwenye makala ya mwaka 1998 iliyohusu watoto 12 tu, na jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Utafiti wa Denmark uliotolewa 2019, wenye watoto zaidi ya 650,000, haukuona chanjo ya surua ikileta usonji.

"Wa kwanza alichomwa akaumwa." Nimjibu nini?

Mwamini. Homa kidogo, paja kuvimba na kulialia siku moja au mbili ni kawaida. Kwa chanjo ya surua na rubela, homa au vipele huweza kuja wiki moja hivi baadaye, naye akadhani umemficha. Kwa hiyo mwambie mapema. Kidonda cha chanjo ya kifua kikuu begani hutokea wiki kadhaa baadaye, hupona chenyewe na hakipakwi kitu. Mweleze pia cha kumrudisha haraka: degedege, kushindwa kunyonya, kupumua kwa shida, homa isiyoshuka.

Baba ndiye amekataa?

Usimgombanishe mama na mumewe. Omba namba, mpigie, au mkaribishe kliniki.

Na wale wanaochelewa miezi?

Hapa ndipo naumia zaidi, kwa sababu wengi wao hawajakataa chanjo. Familia za wavuvi huhama kufuata dagaa. Mtoto anaanza chanjo mwaloni Igombe, wiki ya kumi yuko kambini kisiwani. Akifika, usianze kwa "Ulikuwa wapi?" Tazama kadi, endelea alipoishia. Hakuna haja ya kuanza upya.

Kuna kosa letu pia. Chupa ya surua hutosha watoto wengi, na ikishachanganywa haikai zaidi ya saa sita. Basi mama anaambiwa arudi watoto wakitimia. Shirika la Afya Duniani linashauri chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, nami nakubaliana nalo kabisa. Surua ikiingia kambini, mgonjwa mmoja huweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na wapo wanaobaki vipofu. Dozi zitakazomwagwa hazifikii gharama hiyo. Mama aliyelipa nauli ya mtumbwi na kukaa kwenye benchi tangu asubuhi, ukimwambia "rudi Alhamisi", umeshamjibu kuhusu chanjo kabla hajauliza swali lolote.