Kufunga mpaka hakujazi ghala

Mvua zikisuasua, kauli ileile husikika: mahindi yasitoke nje ya nchi. Nia ni njema, maana hakuna serikali inayopenda wananchi wake walale njaa. Lakini sisi tunaoshughulika na uchumi wa kilimo tuna wajibu wa kueleza kinachofuata baada ya katazo hilo, hasa Nyanda za Juu Kusini, linakotoka fungu kubwa la mahindi ya Tanzania.

Mikoa ya nyanda hizo, kama Ruvuma, Rukwa, Songwe na Njombe, hupata msimu mmoja tu wa mvua. Mkulima hupanda Novemba au Desemba na kuvuna kuanzia Mei hadi Agosti. Wakati huohuo wa mavuno madeni yanamsubiri: mbolea aliyokopa, vibarua wa palizi, ada za watoto. Hawezi kungoja bei ipande. Juni 2017, serikali ilipozuia mahindi kwenda nje na kuruhusu unga peke yake, katazo lilimkuta ndiyo kwanza anavuna. Wanunuzi wa kutoka ng'ambo ya mpaka wakatoweka, bei ikaporomoka, na waliobaki kununua wakapanga bei wanayoitaka, tena kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi.

Aliyepata hasara namna hiyo, mwaka unaofuata hupunguza ekari au hulima bila mbolea. Uzalishaji wa mahindi nchini ulishuka kutoka takriban tani milioni 6.7 msimu wa 2016/17 hadi takriban milioni 5.7 msimu wa 2018/19. Mvua ilichangia, hilo halina ubishi. Lakini mkulima aliyekatishwa tamaa naye alichangia, na mlaji wa mjini aliyefurahia unga wa bei chee huja kulipia furaha hiyo baadaye.

Ruzuku ya mbolea iliyoanza Agosti 2022 ni hatua ninayoiunga mkono bila kusita. Bei za dunia zilikuwa zimepanda vibaya, mfuko wa kilo 50 ukivuka shilingi 100,000, na ruzuku ikamwezesha mkulima aliyesajiliwa kijijini kwake kupata DAP ya kupandia au UREA ya kukuzia kwa shilingi 70,000. Ila fedha hizo za umma zinapotea bure iwapo mavuno yaliyoongezeka yatakosa soko kwa tangazo la siku moja.

Chombo cha kulinda chakula tunacho: Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanzishwa 2008. Kazi yake ni kununua wakati wa neema na kutoa wakati wa uhaba. Wakala ukitangaza bei mapema na kufungua vituo Juni, mkulima mdogo ananufaika. Ukichelewa hadi Septemba, yeye ameshamuuzia dalali, na dalali ndiye atakayepanga foleni kwenye mizani. Kwa maoni yangu, shilingi inayowekwa kwenye ununuzi wa mapema inalinda chakula cha taifa kuliko kizuizi chochote cha mpakani Namanga au Tunduma.

Soko linaweza pia kufungwa na jirani. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, kisha ikayaruhusu kwa masharti. Hapa mkulima ana la kufanya mwenyewe. Anika mahindi juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Kabla ya kuyahifadhi, weka punje kiasi kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani. Isiponata, yatie kwenye mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka kadhaa isiyopitisha hewa, ufunge kila tabaka peke yake kwa kukaza, na uipange juu ya mbao, mbali na ukuta.