Je, wajua kwa nini nyama ya kusaga huchemka badala ya kukaangika?

Chakula kilichoniletea swali hili ni chepesi: pakiti ya tambi za mayai, nusu kilo ya nyama ya kusaga (pwani tunaiita kima), tangawizi, kitunguu saumu, karoti, kabichi na sosi ya soya. Ukifika nyumbani saa moja usiku, saa mbili kasorobo watu wanakula. Wachina wa Sichuan wana ndugu yake mashuhuri, tambi nyembamba za wanga zilizochanganywa na nyama ya kusagwa, na wameipa jina la "sisimizi wapanda mti" kwa sababu punje za nyama hung'ang'ania tambi kama sisimizi kwenye tawi. Kwenye sahani yangu sisimizi walikuwa wamekufa maji.

Kila mara ilikuwa hivyo hivyo. Mafuta yanashika moto, naimimina nyama yote, mlio mtamu wa chwaa unadumu nusu dakika, halafu kimya. Nyama inageuka kijivu, maji yanapanda, na mimi niliyekusudia kukaanga najikuta nachemsha.

Jibu nilikuwa nalo, na nililishikilia kwa miaka: ni uhuni wa mwenye bucha. Anainyunyizia nyama maji ili mizani iongezeke. Nikahama bucha ya kwanza. Nikahama ya pili. Kwenye ya tatu nilisimama mbele ya mashine, nikachagua kipande cha paja, nikakitazama kinavyoingia kizima na kutoka kimesagika, bila tone la maji kukigusa. Nikarudi nyumbani, nikawasha jiko. Maji yale yale.

Ilinibidi nikubali jambo ambalo lilikuwa wazi tangu mwanzo: nyama ni maji. Steki isiyo na mafuta ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Nyama ya kusaga yenye mafuta asilimia 20 ina maji kama asilimia 62, kwa hiyo katika nusu kilo umebeba gramu 310 hivi za maji, zaidi ya kikombe kizima, hata kama ng'ombe alichinjwa alfajiri na bucha haina bomba. Na yale majimaji mekundu unayoyaona chini ya mfuko si damu. Damu karibu yote hutoka wakati wa kuchinja. Ule wekundu ni wa mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni kwenye misuli.

Sisemi kwamba hakuna bucha inayotia maji. Nasema maji kwenye karai peke yake hayamtii mtu hatiani, kwa kuwa yangetoka hata kwenye nyama ya malaika. Na mara nyingine mhalifu yuko jikoni. Wapo wanaoiosha nyama baada ya kusagwa, kwenye chujio, na ikishasagwa hushika maji kama sifongo. Wapo wanaoigandisha kwenye friza na kuikaanga kabla haijayeyuka vizuri. Barafu inapojiunda ndani ya nyama huchana kuta za seli, na ikiyeyuka maji hutoka kwa urahisi zaidi.

Lakini steki nayo ni maji, na inakaangika. Kwa nini kima igome?

Fikiria nazi. Chukua nazi iliyovunjwa, ishike nyama yake nyeupe kwa mkono na uikamue kwa nguvu zako zote. Hutapata kitu. Ikune kwenye mbuzi, kisha itie kwenye kifumbu na ukamue: tui linatiririka. Nazi ni ile ile na mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba umeikata vipande vidogo, na kilichofungiwa ndani sasa kina njia ya kutokea. Mashine ya kusagia nyama hufanya kazi ya mbuzi. Kipande cha mchemraba wa sentimita 3 kila upande kina sentimita za mraba 54 za uso. Kikate kuwa vijichemraba vya milimita 3, na uso unakuwa sentimita za mraba 540, mara kumi, bila kuhesabu nyuzi zilizopondeka njiani.

Na mkono unaokamua ni nani? Ni moto wenyewe. Kuanzia nyuzijoto 50 hivi, protini za misuli hupoteza umbo lake na kujikunja. Zikipita 60, kolajeni, yaani ule utando unaofunga nyuzi za nyama, nayo husinyaa na kubana. Kifumbu kinakazwa kutoka ndani. Kwa hiyo maji hayasubiri nyama iive ndipo yatoke. Kuiva kwenyewe ndiko kunakoyasukuma.

Maji yakishatoka kuna kazi ya pili, na hapa ndipo wengi wetu tunapoongeza moto bila kuelewa tunapambana na nini. Umewahi kuwasha kuni mbichi? Unapuliza, unapepea, unalia kwa moshi, na kuni haishiki. Moto haujakosekana. Umekopwa wote na maji yaliyomo ndani ya kuni, na mpaka yaishe hakuna atakayelipwa. Karai lenye maji ni vilevile. Kupasha gramu moja ya maji kutoka nyuzijoto 25 hadi 100 kunahitaji juli (kipimo cha nishati) 314 hivi. Kuigeuza gramu hiyo hiyo kuwa mvuke kunahitaji juli 2,260, yaani zaidi ya mara saba, na wakati wote huo kipimajoto hakisogei. Kinakaa kwenye 100. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, kinakaa chini zaidi, kwenye 94 hivi.

Sasa weka hilo kando ya rangi ya kahawia na ile harufu inayomtoa jirani ndani. Vinatokana na mmenyuko uliopewa jina la Mfaransa Louis-Camille Maillard, aliyeueleza mwaka 1912 akichanganya sukari na asidi amino, yaani vijenzi vya protini. Hakuwa akitafuta mapishi. Alikuwa tabibu na mkemia anayefikiria jinsi mwili unavyojenga protini, na mpaka mwaka 1953 ndipo Mmarekani John Hodge alipoupanga hatua kwa hatua. Jikoni mmenyuko huu hushika kasi kwenye nyuzijoto 140 hivi. Namba hiyo si mstari uliochorwa kwa wino: supu ya mifupa iliyokaa jikoni saa nyingi nayo hupata rangi bila kupita 100. Ila aliyerudi kazini saa moja usiku hana saa nyingi. Kwake yeye, nyama iliyolowa haitafika kahawia, na akiongeza moto atapata mvuke mwingi zaidi tu.

Nilipiga hesabu, kwa kukisia. Tuseme nusu kilo inapoteza robo ya uzito wake, gramu 125 za maji. Kuzigeuza kuwa mvuke kunataka kilojuli 280 hivi. Jiko la gesi la nyumbani likitoa kilowati 2.5, na chini ya nusu ya joto hilo ikaingia kweli kwenye karai (lililobaki hupita pembeni na kupasha mpishi), basi ni kama dakika tano za kukausha maji tu kabla kahawia haijaanza. Majiko ya mikahawa ya Kichina, yale yanayonguruma kama ndege, hutoa joto mara kumi au zaidi. Ndiyo maana mpishi wao anamimina kila kitu kwa pamoja na anafanikiwa, nasi tukimwiga tunapata mchuzi.

Kuna kosa jingine nililikumbatia, na hili lina ukoo wa kifahari. Niliambiwa moto mkali mwanzoni "unafunga matundu" ya nyama ili maji yasitoke. Wazo hilo lilitiwa nguvu na mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1847, ambaye baadaye jina lake lilibandikwa kwenye rojo ya nyama iliyotengenezwa Fray Bentos, Uruguay. Aliamini joto hugandisha protini za juu na kujenga ukuta. Ukuta huo haupo. Steki iliyobabuliwa kwanza hupungua uzito kama isiyobabuliwa, na wala huhitaji mizani kulijua hilo: mlio wa chwaa ni maji yanayotoka na kugusa chuma cha moto. Kama matundu yangekuwa yamefungwa, karai lingenyamaza. Kubabua kunaleta ladha, na hiyo ni sababu tosha. Kwa kima wazo hilo ni la kuchekesha zaidi, maana matundu yenyewe yameshasagwa.

Dawa ziko mbili, na hazifanani. Ya kwanza ni kupika kwa mafungu: karai lipate moto kwelikweli, nyama robo kilo, itandazwe, iachwe bila kukorogwa dakika mbili au zaidi. Jumla ya maji haipungui, tusidanganyane. Kinachobadilika ni kwamba kwa wakati mmoja hayatoki mengi kuliko moto unavyoweza kuyapeperusha, na mvuke haukwami chini ya rundo. Ya pili ni ya bibi zetu wapishi wa sambusa, ambao sikumbuki hata mmoja akilalamikia maji. Kima ya sambusa huwekwa jikoni na tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu, pengine bila tone la mafuta, na huachwa mpaka ikauke kabisa, kwa sababu kima mbichimbichi hulainisha manda. Sikiliza tu: kutokota kwa maji ni mlio mzito, halafu unageuka kuwa mwembamba na mkali pale mafuta ya nyama yanapobaki peke yake. Hapo ndipo kukaanga kunapoanza. Mimi nilikuwa nazima jiko dakika mbili kabla.

Kuna wanaochanganya nyama na chembe ya baikaboneti (ile soda ya kuokea, si hamira), kama robo kijiko cha chai kwa nusu kilo, na kuiacha dakika 15. Inafanya kazi: hupunguza uchachu wa nyama, protini zisibane sana, na rangi ya kahawia ikaja haraka. Ukizidisha, chakula kitakuwa na ladha ya sabuni. Kuhusu chumvi wapishi wanabishana, wengine waitie mapema, wengine mwishoni. Kwangu mwishoni, kwa vile sosi ya soya inayo tayari.

Baada ya hapo mengine ni mepesi. Nyama ikishapata rangi, itoe na uiweke pembeni. Mboga zipite karaini peke yake, kwa kuwa kabichi nayo ni tangi la maji. Tambi zichemshwe pungufu ya dakika moja ya zile zilizoandikwa kwenye pakiti, zichujwe vizuri, ziingie, kisha nyama irudi. Sosi iwe ya mwisho kabisa, imwagwe kwenye kuta za karai na si juu ya tambi. Na kahawia isikudanganye kuhusu usalama: kusaga huchanganya vijidudu vya juu ya nyama mpaka ndani, kwa hiyo kima inatakiwa kufika nyuzijoto 71 kote, wekundu wa katikati uachiwe steki.

Jumamosi nilirudi kwenye bucha ya kwanza. Mwenyewe aliniuliza nilipotelea wapi siku zote hizo. Nikamwambia nilisafiri, nikanunua kilo moja badala ya nusu.